Mwaka Nilioshindwa Kutia Tiki

Tulimzika Bi Zuhura siku ya Jumatano, na Jumapili yake tukasoma khitma nyumbani kwake Beltsville, huku Marekani. Hapo ndipo nilipomwona Idrisa. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni na sahani ya pilau mkononi, kichwa kimejaa mvi, na ubavuni pake binti wa miaka kama tisa akimlalamikia kwa Kiingereza kwamba kachumbari inawasha. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na minne. Tuliamkiana, tukapeana pole, tukamtaja marehemu kwa wema, kisha tukakosa la kusema. Ndipo akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za baridi, "Uraia ulipata?" Nikamwambia nilipata. "Kwa ile ya miaka mitatu ama mitano?" "Mitano." Akaitikia kwa kichwa, akamfuta binti yake mdomo kwa karatasi laini. "Mimi ningekuja kwa ile intavyu, you know," akasema. "Ningekuja tu." Mara akaitwa akasaidie kubeba sufuria, akaenda. Basi. Niliendesha gari kurudi Gaithersburg huku maneno yale yakinizunguka kichwani, na hadi leo, zaidi ya mwezi mmoja baadaye, sijajua kama alikuwa ananilaumu, ananiomba radhi, au alikuwa anaongea tu ili kimya kisizidi. Nilipokuwa mke wake pia nilikuwa hivyo hivyo. Maneno yake yalikuwa mepesi na ya kueleweka, na mimi nilishindwa kuyaelewa.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Tulikuwa tunakaa ghorofa ya pili, chumba kimoja na sebule, kwenye majengo ya matofali mekundu yaliyojipanga nyuma ya kituo cha mafuta. Nasema "tulikuwa tunakaa," na hapo hapo kalamu inasita, maana ugomvi wangu wa mwaka ule wote ulikuwa na neno hilo. Idrisa alizaliwa Mombasa, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akawa raia kabla hajaota ndevu. Mimi alinioa Tanga. Karatasi zangu zilichukua zaidi ya miaka miwili kutoka, kisha nikaja, nikapewa grini kadi yangu ya miaka kumi, tukaanza maisha. Mwaka na nusu baadaye kampuni yake ya kompyuta ikapunguza watu. Alitafuta kazi Maryland na Virginia miezi mitano bila kupata. Mwisho akapata Columbus, Ohio, safari ya saa saba kwa gari. "Ni ya muda tu," alisema akiwa anafunga begi. "Nikipata kitu huku narudi." Mimi nilikuwa nimeshapata kazi kwenye maabara ya dawa, ya kuosha chupa na vyombo vya kupimia, na jioni nilikuwa nasoma chuoni ili siku moja niwe upande wa wanaopima badala ya wanaoosha. Kwa hiyo nilibaki. Hakuniambia twende wote. Sikumwuliza kwa nini hakuniambia. Leo nikikaa nikafikiri naona hayo yalikuwa mambo mawili makubwa, lakini siku ile tulikuwa tunatafuta chaja ya simu yake, na alipoipata tukafurahi kana kwamba ndiyo iliyokuwa tatizo.

Mwanzoni alikuja kila baada ya wiki mbili. Baadaye mara moja kwa mwezi. Barafu ilipoanza, akaja Novemba na hakuja tena hadi Januari. Hatukugombana hata siku moja. Alinitumia fedha za nusu ya kodi bila kukumbushwa, alinipigia simu akitoka kazini, tulizungumzia gari lake lililokuwa likipiga kelele, mwalimu wangu wa kemia, mboga za Ohio zisizo na ladha. Kabatini nguo zake zilibaki upande wa kulia, zangu upande wa kushoto. Halafu siku moja niliona kwamba nimetundika koti langu upande wake, na sikumbuki nililitundika lini.

Fomu ilikuja katikati ya hali hiyo, na iliyoileta ni macho ya mama yangu. Mama alikuwa Tanga, mtaa wa Chumbageni, na daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho, kwamba dawa ya matone ingechelewesha ugonjwa lakini isingeurudisha nyuma. Kila Jumamosi asubuhi nilimpigia simu, kwake ikiwa ni alasiri. Alikuwa mtu wa mzaha, hakupenda kulia. "We Saumu," aliniambia Februari ile, "jana nimemwamkia mgomba nikidhani ni shemeji yako. Nilete huko nikuone, nikiwa bado naona." Mwenye grini kadi hawezi kumleta mzazi wake. Raia anaweza. Na mwenye grini kadi kwa kawaida husubiri miaka mitano ndipo aombe uraia, isipokuwa kama ameolewa na raia na wanaishi pamoja. Huyo huruhusiwa kuomba ikitimia miaka mitatu. Miaka yangu mitatu ilikuwa inatimia kiangazi kile. Ukurasa wa kwanza wa fomu ulikuwa na visanduku vimepangwa, na maelezo kwamba uchague kimoja tu: cha miaka mitano, au cha miaka mitatu. Nilikuwa na kalamu nyeusi mkononi. Nilidhani nitamaliza kabla chai haijapoa.

Wakati ule mtu wa pwani mwenye fomu alikwenda kwa Bi Zuhura. Alikuwa mwanamke wa Mombasa, mpana, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya barabara, na jikoni kwake kulikuwa na meza iliyotandikwa plastiki ya maua ambapo watu walijaza karatasi za kila aina huku wakila mahamri na mbaazi. Hakuwa mwanasheria. Alikuwa amejaza yake mwenyewe zamani, akafaulu, na kuanzia hapo akawa na uhakika. Nilipomweleza, hakunyanyua hata macho kutoka kwenye karai. "Tia tiki ya tatu, mwanangu. Wangoja nini?"

"Lakini Idrisa yuko Ohio, Bi Zuhura."

"Na mabaharia je, hawana wake? Mume yuko kazini. Kwani amekuacha?"

"Hajaniacha."

"Mumegombana?"

"Hapana."

"Basi mwaishi pamoja. Sikiza, hawa watu wataka karatasi. Kodi ya serikali mwajaza pamoja? Benki muna akaunti moja? Khalas." Aligeuza hamri, likavimba. Kutoka sebuleni nilisikia wageni wake wawili wakibishana kwa sauti ya chini, wakidhani siwasikii. Mmoja alisema, "Huyo mumewe ana mtu kule, si bure." Mwingine akajibu, "Nyamaza, mtu hana hata gari la kueleweka, mtu wa nini?" Nilikula mahamri manne bila kujua ladha yake. Nilipotoka, nilikuwa na uhakika kabisa nitatia tiki ya tatu. Uhakika huo ulidumu hadi nilipofika kwenye taa za barabarani.

Kazini mwenzangu wa zamu alikuwa Mama Clarisse, Mkongo wa Bukavu, mtu mwembamba aliyeosha chupa kwa upole kama anaosha watoto. Yeye alikuwa raia tayari. Nilimwuliza wakati wa chakula, tukiwa tumekaa kwenye kile chumba kidogo cha wafanyakazi chenye mashine ya soda. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akafunika chombo chake cha sombe, kisamvu cha kwao. "Minafanya ile ya miaka tano," alisema. "Sababu ile ya tatu, ni lazima bwana iko. Watakuuliza: bwana yako analala wapi? Analala upande gani ya kitanda? Utajibu nini, Mama Saumu?"

"Nitajibu yuko kazini Ohio."

"Na kama wanauliza, anarudia lini?"

Mama Clarisse alinitazama kwa huruma, jambo lililonikera. "Ile papier haina ubaya," akasema, akimaanisha fomu. "Ubaya ni kusema kitu yenye haujue."

Nilikwenda pia kwa mwanasheria. Kulikuwa na ukumbi mmoja Bladensburg ambako Jumamosi moja moja walikuja wanasheria wa kujitolea, ukachukua namba, ukakaa kwenye kiti cha chuma, ukasubiri. Niliyempata alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, mwenye mafua, na meza yake ilikuwa na boksi la karatasi laini badala ya mafaili. Alikuwa mwema sana. Aliniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba sheria haiulizi kama tumeoana, maana hilo linajulikana, bali inauliza kama kwa miaka mitatu tumekuwa tunaishi katika muungano wa ndoa. Nililitafsiri neno lile kichwani kwa Kiswahili na nikakwama. Mimi Mtanzania, muungano ninaoujua ni wa Tanganyika na Zanzibar, na hata ule watu wanabishana kila mwaka kama upo au haupo. Nilitaka kumchekesha kwa hilo, nikaona litachukua muda mrefu kulieleza. Akaendelea. Kama kazi ndiyo iliyomtoa mume wangu, na nyumba yetu bado ni moja, na nia yetu bado ni moja, basi hilo laweza kuelezwa, na watu wengi wameeleza wakaeleweka. Lakini kama tumetengana, hata bila mahakama, hata bila ugomvi, basi njia ya miaka mitatu si yangu, na kuapa kwamba ni yangu ni kosa linaloweza kuniharibia hata hicho nilicho nacho. Njia ya miaka mitano haina habari na mume. Pale ningesimama peke yangu.

"Sasa sisi ni wa wapi?" nilimuuliza.

Alipenga kamasi, akaomba radhi. "Hilo mnalijua nyinyi wawili tu," alisema. Nilitoka pale nimekasirika. Nilikuwa nimesubiri saa tatu kwenye kiti cha chuma ili mtu aliyesoma aniambie, na aliyesoma ananirudishia swali. Lakini alikuwa amelirudisha mahali pake. Idrisa na mimi hatukuwahi kuulizana.

Idrisa alikuja wiki ya pili ya Juni. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula alichokuwa akikisema kwenye simu mwezi mzima. Alifika Ijumaa jua bado liko juu, akanikumbatia, akanusa hewa, akacheka. Alionekana na furaha, na mimi nilikuwa na furaha, hilo nalisema wazi, maana watu wakisikia habari za ndoa iliyovunjika hudhani kulikuwa na siku ambayo furaha ilikwisha na wote mkaiona ikitoka mlangoni. Alikula sahani mbili. Kisha akasema anataka kuoga, akasimama katikati ya ukumbi mdogo, akaniuliza, "Saumu, taulo zinakaa wapi siku hizi?"

Zilikuwa zinakaa pale pale zilipokaa siku zote, rafu ya chini ya kabati la bafuni. Nilikwenda kumtolea. Nikaona ameweka mfuko mdogo wa zipu kwenye ukingo wa sinki, na ndani mna mswaki wake, dawa yake ya meno, wembe wake. Hakuvitoa. Alipomaliza kuoga alivirudisha mfukoni na mfuko akaurudisha begini. Alikunja taulo vizuri, akaitundika, kama tunavyofanya kwenye nyumba za watu. Nilimtazama nikiwa mlangoni, na nikaona haya, kama vile nimemchungulia mgeni.

Jumamosi asubuhi, chai ikiwa mezani, nilimwekea fomu mbele yake. Aliipekua haraka haraka. "Si uko sawa? Tia hapa ya tatu. Nita-sign chochote wanataka. Lease iko na majina yote, taxes tuna-file pamoja. Intavyu nitachukua off, nita-drive usiku, nakuja."

"Idrisa, mimi na wewe tunaishi pamoja?"

Alicheka kidogo. "Kwa hiyo form ama kwa ukweli?"

"Kwani ni maswali mawili?"

Aliinuka, akafungua friji, akatazama ndani muda mrefu, akaifunga bila kutoa kitu. "Wewe unaonaje?" akauliza akiwa amenipa mgongo.

"Mimi ndiye niliyekuuliza."

"Sijui, Saumu. Honestly, sijui." Akarudi kukaa. Akakivuta kikombe, akakiacha. "Nilirenew ile apartment ya Columbus. Mwezi uliopita. Mwaka mwingine."

"Hukuniambia."

"Nilitaka kukuambia, halafu ukaanza kunieleza ile exam yako ya kemia, ukawa na furaha. Nikaona ngoja." Alikuwa anasugua meza kwa kidole mahali pasipo na doa. "Na wewe hukuniuliza. Mwaka mzima hujawahi kuniambia, Idrisa rudi."

"Ulisema ukipata kitu huku utarudi. Nilikuwa nangoja upate."

"Mimi nilikuwa nangoja uniite."

Nimeyarudia mazungumzo haya mara nyingi kwa miaka mingi, na kila nikiyarudia natafuta mahali ambapo mmoja wetu angeweza kusema jambo jingine. Pengine pale pale. Pengine ningesema, basi rudi. Au yeye angesema, basi twende. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na sisi wawili tulikaa tukiutazama, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye atakayepita. Hakuna aliyelia. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilimwuliza kama anataka chai zaidi, naye akasema ndiyo, nikammiminia. Akanywa. Kisha akasema, kwa sauti ya upole ambayo sijapata kuisikia kwake tena, "Tia tu ya tatu. Kwa ajili ya mama. Mimi nitasema tunaishi pamoja. Hakuna mtu atajua."

Hilo ndilo alilonipa, na nakiri kwamba lilinitamanisha. Nilimwona mama yangu akishuka kwenye ndege, macho yake yakiwa bado na nuru. Nilikamata kalamu. Kisha nikafikiria siku ya mahojiano, mimi na yeye tumekaa bega kwa bega mbele ya ofisa, nasi tunaapa. Kumhofia ofisa sikumhofia sana. Nilichohofia ni kumsikia Idrisa akisema kwa sauti, mkono wa kulia umeinuliwa, kwamba mimi ni mkewe na tunaishi nyumba moja, maneno niliyokuwa nikitamani kuyasikia mwaka mzima, na ayaseme kwa sababu ya fomu. Nikaifunga kalamu. Fomu nikaikunja mara mbili, nikaiweka kwenye droo ya vijiko. Yeye aliniona. Jumapili baada ya adhuhuri akaondoka. Talaka ilikuja mwaka uliofuata, kwa simu kwanza, kisha kwa shehe, kisha kwa mahakama, na katika hatua zote tatu tuliheshimiana.

Jumamosi iliyofuata nilimpigia mama. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kila kitu. Aliposhika simu akaanza kunihesabia majirani aliokwisha kuwaaga: mama Hidaya, yule fundi cherehani wa pembeni, hadi mwenye duka. "Nimewaambia mwakani hamnioni," alisema. Nikamwambia, "Mama, itachukua kama miaka miwili zaidi. Serikali ya huku imebadilisha utaratibu." Nilimsikia akihamishia simu sikio la pili. "Haya," akasema. "Wao ndio wenye nchi." Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Serikali nilikataa kuidanganya, nikamdanganya mama. Na kila aliponiuliza Idrisa hajambo, nilisema hajambo, kwa sababu kwa kadiri nilivyojua hakuwa na jambo.

Miaka mitano ilipotimia nilijaza fomu mpya, nikatia tiki ya mitano, nikaenda kwenye mahojiano peke yangu. Yalikwisha upesi hadi nikabaki nimekaa, nikidhani bado kuna swali. Nikala kiapo, nikamwombea mama, na ikachukua zaidi ya mwaka mmoja tena hadi siku niliyokwenda kumpokea uwanja wa ndege. Alitoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa kanzu ya kijani na soksi nene za mtu mwingine. Kufikia hapo alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Nilimwita, akageuza uso upande nilipo, akanishika mabega, kisha mashavu, kisha masikio, akanipapasa kichwa chote kwa vidole vyake vikavu, watu wakitupita na masanduku yao. "Ni wewe," akasema.

Barabara ya 270 ilikuwa imejaa magari, tukawa tunakwenda kidogo tunasimama. Mama alikaa kiti cha mbele mikono imelala mapajani. Aliniuliza kama kuna miti, nikasema ipo. Aliniuliza kama ile sauti ni mvua, nikasema ni matairi. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akapapasa kiti cha nyuma kilichokuwa kitupu, akaurudisha.

"Idrisa hakuja?"

"Hatukai pamoja, mama," nikasema. Yalinitoka bila shida yoyote, kwa Kiswahili, kwenye foleni ya magari.

Mama hakushtuka. Aligeuza uso dirishani, kama mtu anayetazama. "Tangu lini?" akauliza.

Gari la mbele likasogea, nami nikasogea. Nilifikiri siku ya begi na chaja. Nilifikiri lile koti, na taulo, na fomu kwenye droo ya vijiko. Kila moja niliigusa na kuiacha. Mama alikuwa akingoja, na safari hii sikutaka kumpa jibu ambalo silijui.

"Sijui, mama," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akatafuta mkono wangu kwenye usukani, akaupata, akaushika hadi magari yalipoanza kutembea.